Kibaba cha Umeme Angani: Mambo Saba Niliyojifunza Nikifanya Kazi Ndegeni

Saa nne zilikuwa zimepita tangu ndege iondoke Ghuba kuelekea Marekani, na kumi nyingine zilikuwa mbele yetu. Mapajani nilikuwa na tafsiri ya kurasa 40, nayo ilitakiwa kukabidhiwa mara tu tukitua. Betri ya kompyuta yangu ilibaki asilimia 9. Sikuwa na wasiwasi, maana nilishaiona soketi chini ya kiti. Nikainama, nikachomeka chaja. Taa ndogo ya kijani pembeni ya soketi ikawaka. Baada ya sekunde chache ikazimika. Nikachomoa, nikachomeka tena. Ikawaka, ikazimika. Nilipofika mara ya tano, mhudumu mmoja, kijana wa Mombasa kwa lafudhi yake, akachuchumaa kando yangu na kuniambia kwa upole: "Mama, chaja yako inavuta kuliko kiti kinavyoweza kutoa."

Kazi ile niliikabidhi siku mbili baadaye, na mteja yule hakunipa nyingine.

Tangu hapo nimesafiri safari ndefu nyingi, na kompyuta haijanizimikia tena njiani. Sikununua kompyuta mpya wala kifaa cha bei mbaya. Nilijifunza kuhesabu tu. Naandika haya kwa ajili ya kila anayebeba kazi yake ndegeni: mwanafunzi, mwandishi, mhasibu, mfanyabiashara anayefunga hesabu akirudi kutoka Guangzhou.

1. Soma mgongo wa chaja kabla ya kusoma bei

Miaka yote niliyomiliki chaja sikuwahi kuigeuza nisome kilichoandikwa. Maandishi ni madogo, lakini ndiyo yenye siri yote. Kuna mistari miwili ya kutafuta. Wa kwanza huanza na neno INPUT, yaani umeme unaoingia kwenye chaja. Ukikuta 100–240V na 50–60Hz, chaja hiyo inakubali umeme wa Dar es Salaam, wa New York na wa ndegeni bila kuhitaji mashine ya kubadilisha umeme.

Mstari wa pili huanza na OUTPUT, yaani umeme unaotoka kwenda kwenye kompyuta. Chaja yangu ya zamani ilisema 19.5V na 4.62A. Zidisha namba hizo mbili, unapata 90. Hizo ndizo wati, na wati ndiyo lugha inayoeleweka na soketi ya ndege. Ningefanya hesabu hiyo sebuleni kwangu, nisingeaibika angani.

2. Kiti kinatoa kibaba, usiende na pishi

Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne ndivyo vinavyotimiza pishi. Umeme wa kiti ni kibaba. Ndege huzalisha umeme wake kwa jenereta zinazozungushwa na injini, na umeme huo una kazi nyingi kabla ya kufika kwako: mitambo ya rubani, taa, majiko ya chakula, skrini za mamia ya abiria. Kinachobaki hugawanywa kiti kwa kiti. Soketi nyingi za daraja la kawaida hutoa umeme wa volti 110 hivi, na mara nyingi kikomo chake ni wati 75 kwa kiti. Zipo ndege zinazotoa zaidi, lakini mimi hupanga safari kwa hesabu ya 75.

Chaja yangu ilikuwa na uwezo wa kutoa wati 90. Ila chaja yoyote hupoteza sehemu ya umeme kuwa joto, ndiyo maana huwa ya moto ukiishika. Ili itoe 90, ilibidi ivute karibu 100 kutoka kwenye soketi. Soketi ilipohisi mzigo huo ilijizima, kama ilivyotengenezwa ifanye. Nayo betri iliyokauka huongeza mzigo, kwa sababu chaja inabeba kazi mbili kwa wakati mmoja: kuiendesha kompyuta na kuijaza betri.

Kumbe dawa ya dharura ilikuwa mikononi mwangu: kuizima kabisa kompyuta, kisha kuchomeka. Kompyuta ikiwa imezimwa, chaja inajaza betri tu, na mara nyingi mzigo hushuka kiasi cha kuvumilika. Saa moja na nusu ya kulala ingeniokolea tafsiri yangu.

3. Angani, chaja ndogo ndiyo kubwa

Hili lilinichukua muda kulikubali. Dukani tumezoea kutafuta chenye nguvu zaidi. Ndegeni mambo ni kinyume chake.

Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni zina tundu la USB-C linalopokea umeme. Chaja na kompyuta "huzungumza" kwanza, zikakubaliana volti ngapi zitumike, na kompyuta huchukua kile tu ambacho chaja imesema inaweza kutoa. Kwa hiyo chaja ya wati 45 haiwezi kulazimishwa kutoa 90. Itavuta wati 50 hivi kutoka kwenye soketi, na taa ya kijani itabaki ikiwaka.

Je, wati 45 zinatosha? Chukua kalamu tuhesabu. Nikiandika tu, bila video wala michezo, kompyuta yangu hutumia wati 12 hivi. Katika wati 45, zinabaki 33 za kujaza betri. Betri yangu ina ujazo wa wati-saa 50, kwa hiyo katika muda wa saa mbili hivi hujaa huku naendelea na kazi. Haba na haba hujaza kibaba.

Nilinunua chaja ya namna hiyo Kariakoo kwa shilingi 60,000. Imetengenezwa kwa teknolojia ya galiamu nitraidi (GaN), ndiyo maana ni ndogo kama kiberiti kikubwa wakati ile ya zamani ilikuwa kama kipande cha tofali. Lakini kabla hujanunua, soma kijitabu cha kompyuta yako. Si kila tundu la USB-C hupokea umeme, na zipo kompyuta zinazokataa chaja yenye wati chache. Angalia na kebo pia. Kebo nzuri ya USB-C kwa USB-C ya ampea 3 hubeba hadi wati 60, nayo inatosha.

Usidanganyike na lile tundu la USB la umbo la zamani lililo chini ya skrini ya kiti. Lile ni la simu. Viti vipya vimeanza kuwekewa USB-C yenye nguvu ya kuchaji kompyuta, lakini usiondoke nyumbani ukitegemea hilo.

4. Adapta hubadilisha miguu, haibadilishi umeme

Adapta ya safari ya shilingi 5,000 inafanya kazi moja: inaisaidia plagi yako kuingia kwenye tundu la umbo jingine. Volti zinabaki zilezile. Dada yangu alikwenda Marekani na pasi ya nywele iliyoandikwa 230V pekee. Aliichomeka kwa adapta, ikabaki vuguvugu hadi akaiacha hukohuko. Tatizo halikuwa adapta, tatizo lilikuwa ule mstari wa INPUT ambao hakuusoma.

Soketi nyingi za ndegeni zimetengenezwa kupokea plagi za aina kadhaa, pamoja na ile yetu ya pini tatu. Shida ni kwamba zimechoka kwa kutumiwa kila siku. Plagi nzito ya pini tatu, ikining'inia chini ya kiti na adapta juu yake, huteleza yenyewe ndege ikitikisika. Isitoshe, baadhi ya soketi hizo zina usalama unaotaka pini zote ziingie kwa pamoja. Ukiingiza kwa kuchokoachokoa, umeme hauji. Nimejifunza kubeba plagi nyepesi ya pini mbili, kuisukuma mara moja kwa mkono ulionyooka, kisha kuuzungusha waya kwenye mguu wa kiti ili uzito usiivute. Nikiamka usingizini, kitu cha kwanza ninachotazama ni ile taa.

5. Nafuu ni tofauti na feki

Rahisi ni ghali, walisema, na kwenye chaja neno hilo lina moto ndani yake. Niliwahi kununua chaja kwa mchuuzi kwa shilingi 15,000. Iliandikwa wati 65, lakini ilikuwa nyepesi kama sanduku tupu. Usiku wa kwanza, nyumbani, ilitoa harufu ya plastiki inayoungua. Nashukuru haikuwa futi 35,000 juu ya bahari.

Siku hizi hufanya hivi. Naipima mkononi: yenye vitu ndani ina uzito. Nasoma mgongo: kama volti mara ampea hazileti wati zilizotangazwa kwenye boksi, nairudisha. Natazama herufi: maneno yaliyokosewa tahajia ni dalili mbaya. Kisha naichaji nayo kompyuta nyumbani kwa siku tatu, nikiwa macho, kabla ya kuipakia kwenye begi. Chaja mpya isianze kazi ndegeni.

6. Akiba haiozi, lakini ina sheria zake

Pawabenki ni akiba nzuri uwanjani, hasa pale unaposubiri saa sita kuunganisha ndege na soketi zote zina wenyewe. Hesabu yake ni hii: zidisha mAh kwa 3.7, gawa kwa 1,000, unapata wati-saa. Ya mAh 20,000 ina wati-saa 74. Kikomo cha kawaida cha kupanda nayo bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege, na zaidi ya hapo abiria haruhusiwi.

Mahali pake ni begi la mkononi, kamwe si mzigo unaokwenda chini. Na likitokea begi lako la mkononi limechukuliwa langoni kwa sababu ndege imejaa, toa pawabenki kwanza. Mimi nilisahau, nikaitwa kwa kipaza sauti abiria wote wakinisubiri.

Sheria hizi zinabana zaidi kila mwaka, na sababu ipo. Januari 2025 ndege ya abiria iliungua ikiwa chini uwanjani Busan, Korea Kusini, na wachunguzi wakasema yaelekea chanzo kilikuwa pawabenki. Tangu Oktoba 1, 2025 shirika la Emirates linaruhusu kila abiria kubeba moja tu, na ni marufuku kuitumia au kuichaji ndani ya ndege. Kwa hiyo soma masharti ya shirika lako wiki ya safari, hata kama ulisafiri nalo mwaka jana.

7. Panga kazi kabla ya kupanga nyaya

Soketi huenda ikawa mbovu. Huenda ziko mbili kwa viti vitatu. Umeme wenyewe kwa kawaida huzimwa wakati wa kupaa na kutua. Kwa hiyo mimi huingia ndegeni betri ikiwa imejaa, faili zote na kamusi nikiwa nimezipakua, mwanga wa skrini nimeupunguza, intaneti na programu nisizozihitaji nimezifunga. Kazi ngumu naianza mwanzoni, nikiwa na akili na umeme. Chakula kikija nafunga kompyuta na kuiacha ichaji.

Safari yangu ya mwisho nilikaa na kijana anayekwenda kuanza chuo. "Shikamoo, mama," aliniambia akiketi. "Marahaba, mwanangu." Ndege iliponyooka akatoa kompyuta, akachomeka chaja. Taa ikawaka, ikazimika. Akachomoa, akachomeka tena. Nilimwacha ajaribu mara ya tatu, kisha nikamwomba ile chaja, nikaigeuza na kumwonyesha mstari wa pili. Akaumulika kwa tochi ya simu.

"Kwa hiyo ni 20 mara 4.5?"

"Ndiyo. Inakuja ngapi?"

"Tisini." Akaitazama soketi, akanitazama. "Na hapa?"

"Sabini na tano. Zima kompyuta kwanza, halafu chomeka."

Akaizima. Tukangoja kimya, sote wawili tumeinama tukitazama chini ya kiti. Taa ilikuwa ya kijani, na ilibaki hivyo.