Dondoo muhimu: Kumsomea mtoto kisa cha Alisi

Riwaya ya Lewis Carroll ya mwaka 1865, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kama *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu* (2015), ina sura 12 na hunoga ikisomwa kwa sauti.

1. Soma sura moja kila usiku. Wengi hukosea kwa kuendelea mtoto akiwa ameshasinzia.
2. Mpe kila mnyama sauti yake: Sungura mwenye saa atwete, Kiwavi avute maneno taratibu.
3. Usikatize kicheko ili kufafanua. Kitendawili cha kunguru na meza ya kuandikia, kwa mfano, hakijibiwi kisani.
4. Kwa mtoto mwoga, sema mapema: Malkia huamuru vichwa vikatwe, lakini hakuna anayekatwa.
5. Akirukia picha kwanza, mwache.