Somo la Hesabu: Usikodishe Mikarafuu kwa Macho

Msimu wa karafuu ukikaribia hapa Pemba, watu wenye fedha hupita mashambani kukodi mikarafuu. Mwenye shamba ana shida. Mtoto anadaiwa vitu vya skuli, au kuna mgonjwa nyumbani. Mkodi hutazama juu, hutaja bei, wakapeana mikono. Karafuu zikishauzwa, mmoja wao hulia.

Wewe umejifunza kuhesabu. Basi hesabu kabla ya kupokea fedha.

Kwanza, hesabuni miti yote inayozaa. Igaweni mafungu matatu: mikubwa, ya kiasi na midogo. Andika katika daftari.

Pili, katika kila fungu chagueni mti mmoja wa kipimo. Usiwe ule uliobeba kupita yote, kwani mkodi atapunjika. Wala usiwe ule uliobeba kidogo, kwani utapunjika wewe. Chagueni pamoja.

Tatu, karafuu zikipevuka na kuanza wekundu, kabla hazijafunguka, chumeni miti hiyo mitatu. Chambueni, ondoeni makonyo, kisha pimeni kwa mizani. Karafuu hizi zihesabiwe ndani ya mapatano.

Tuchukue mfano. Shamba lina miti 20. Tumepata hivi:

Mikubwa 5 × kilo 18 = kilo 90
Ya kiasi 10 × kilo 9 = kilo 90
Midogo 5 × kilo 3 = kilo 15
Jumla: kilo 195 mbichi.

Ngoja, usifurahi bado! Karafuu zikikauka hupungua sana. Kilo tatu mbichi hutoa kiasi cha kilo moja kavu. Kwa hiyo 195 ÷ 3 = kilo 65 kavu.

Sasa tia bei ya msimu. Kwa hesabu tu, tuseme kilo ni shilingi 10,000. Kilo 65 ni shilingi 650,000. Lakini mkodi atalipa wachumaji, wachambuaji, waanikaji na gari. Tuseme 250,000. Zinabaki 400,000. Tena mvua huweza kuharibu karafuu juani, na hasara hiyo ni yake. Mkikubaliana kumwachia sehemu moja ya tano, yaani 80,000, wewe utapata 320,000.

Je, akija mtu na 150,000 mkononi? Sasa unajua kuwa hiyo haifiki hata nusu. Shida yako ni kweli, lakini usiiache ikupangie bei.

Usitumie hesabu ya mwaka jana. Mkarafuu uliobeba sana mwaka mmoja huweza kubeba kidogo mwaka unaofuata. Kwa sababu hiyo, usikodishe miaka kadhaa kwa kipimo cha msimu mmoja.

Mkishindwa kupatana, iko njia nyingine: mkodi akupe sehemu ya fedha sasa, na nyingine baada ya karafuu kavu kupimwa, kwa kiwango cha kila kilo mlichokubaliana.

Mwisho, andikeni mapatano nakala mbili: idadi ya miti, bei, na siku ya kurudisha shamba. Mtieni saini mbele ya sheha na mashahidi.

Maswali
1. Kwa nini mti wa kipimo uchaguliwe na watu wawili?
2. Shamba lina kilo 240 mbichi. Zikikauka zitakuwa kilo ngapi?
3. Hesabu miti ya shamba lako, uigawe mafungu matatu.