Kazi ya Kukagua Maudhui ya Mitandao: Yajue Haya Kabla ya Kutia Sahihi

Vijana wengi wanaojua Kiswahili, Kisomali, Kiamhari au Kioromo wamepata ajira Nairobi ya kukagua maudhui ya mitandao ya kijamii. Kazi yenyewe ni kutazama picha, video na maandishi, kisha kuamua yapi yabaki na yapi yaondolewe. Ni kazi halali na ina manufaa makubwa, maana bila wakaguzi hawa tungekutana na ukatili kila tufunguapo simu. Hata hivyo, ina mambo ambayo mtu hayaoni siku ya mahojiano. Ikiwa umeitwa kazini, au tayari umo ndani na mambo hayaendi sawa, fuata hatua hizi.

Mwajiri wangu ni nani hasa?

Anza na swali hili. Kampuni kubwa za teknolojia mara nyingi haziajiri wakaguzi moja kwa moja. Hutoa kandarasi kwa kampuni nyingine, nayo ndiyo inayokuajiri na kukulipa. Kuanzia 2019, maudhui ya Facebook yalikuwa yakikaguliwa Nairobi na kampuni ya Sama kwa niaba ya Meta, mmiliki wa Facebook. Mei 2022, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, aliyewahi kufanya kazi hiyo, alizishtaki kampuni zote mbili akidai alifutwa kwa sababu alijaribu kuwaunganisha wenzake katika chama. Meta ilisema haiwezi kushtakiwa Kenya. Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba iliamua kwamba inaweza, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikatupilia mbali rufaa yake.

Kwa hiyo uliza mapema: maudhui haya ni ya kampuni gani? Nani anaweka viwango vya kazi? Mifumo ya kompyuta ni ya nani? Andika majibu na tarehe uliyopewa, kwa sababu mzozo ukizuka kila kampuni inaweza kuisukumia nyingine lawama.

Mkataba uwe na nini?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka ajira ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Tafuta humo jina la mwajiri, maelezo ya kazi, mahali pa kazi, saa, mshahara, likizo na muda wa notisi. Likizo ya mwaka isipungue siku 21 za kazi zenye malipo, na upate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita, na hakiwezi kuongezwa bila wewe kukubali.

Soma maelezo ya kazi kwa makini zaidi. Katika kesi yake, Motaung alidai hakuelezwa ukweli wa kazi alipoajiriwa. Ukiona mkataba unataja tu “huduma kwa wateja” au “tafsiri”, omba uandikwe wazi kwamba utakagua maudhui, na kwamba huenda ukaona picha za mauaji au unyanyasaji. Omba nakala uende nayo nyumbani, uisome kabla ya kutia sahihi.

Wasimamizi watanipima vipi?

Kwa takwimu: umekagua mangapi, umekosea mara ngapi, na umetumia muda gani kwa kila video. Uchunguzi wa jarida la TIME uliochapishwa Februari 2022 ulieleza kwamba wakaguzi wa Nairobi walitakiwa kuamua ndani ya sekunde 50 hivi. Omba viwango vyako kwa maandishi. Msimamizi akikukemea kwa mdomo, mwandikie barua pepe siku hiyohiyo ukieleza ulivyomwelewa. Weka nyumbani mkataba, hati za mshahara, ratiba za zamu na barua zinazokuhusu wewe. Usinakili kamwe picha au taarifa za watumiaji wa mtandao, kwani hilo linaweza kukuingiza mashakani.

Nikianza kuumwa rohoni nifanye nini?

Usingoje uzidiwe. Desemba 2024 iliripotiwa kwamba zaidi ya wakaguzi 140 walioishtaki Meta na Sama walikuwa wamechunguzwa na daktari wa akili, akawakuta na maradhi ya kiwewe. Mwenye maradhi haya hurudiwa na picha za mambo ya kutisha, hukosa usingizi, hushtuka ovyo na hujitenga na watu. Ukiona dalili hizo, nenda hospitali ya umma uliyo karibu nayo, mweleze daktari kazi unayofanya, na utunze ripoti yake. Mshauri wa kampuni anaweza kusaidia, lakini muulize kwanza kama mazungumzo yenu yatamfikia msimamizi. Ukiwa umefanya kazi miezi miwili mfululizo, sheria inakupa kila mwaka angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba kwa nusu mshahara, mradi uwe na cheti cha daktari.

Je, mkataba wa usiri unanifunga mdomo?

Mkataba huu hukuzuia kutoa siri za biashara. Hauondoi haki yako ya kwenda mahakamani, ambayo imo katika Katiba ya 2010. Mshirikishe wakili kabla ya kuzungumza hadharani.

Naweza kujiunga na chama?

Ndiyo. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Tarehe 1 Mei 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuanzisha chama cha wakaguzi wa maudhui barani Afrika.

Nikifutwa, nianzie wapi?

Kwanza, jua utaratibu. Kabla ya kukufuta kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, mwajiri lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa na akusikilize, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Kama kazi yenyewe imepunguzwa, wewe na afisa wa leba mnapaswa kupewa notisi isiyopungua mwezi mmoja, na ulipwe angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliomaliza. Dai pia cheti cha utumishi, ambacho mwajiri hana ruhusa ya kukunyima ikiwa ulifanya kazi wiki nne au zaidi.

Pili, nenda kwa afisa wa leba katika kaunti yako ndani ya miezi mitatu tangu kufutwa. Huduma hii hailipiwi. Beba kitambulisho, mkataba na hati za mshahara. Mgeni abebe pasipoti na kibali cha kazi.

Tatu, mkishindwa kuelewana, fungua kesi kabla ya miaka mitatu kuisha. Mahakama ikiona ulifutwa isivyo haki, inaweza kuamuru ulipwe hadi mishahara ya miezi 12. Kama huna pesa za wakili, waone Kituo cha Sheria, shirika lililoanza 1973, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, ambao huwasaidia wasiojiweza bila malipo.

Mzozo ukizuka, umoja na karatasi ulizotunza ndivyo vitakavyokupa cha kushika. Leo jioni, kusanya karatasi zako, weka nakala kwa mtu unayemwamini, kisha mweleze mwenzako wa zamu afanye vivyo hivyo.