Alamu Kumi Zinazokunyima Usikivu

Ukimkuta opereta wa zamu anabonyeza kitufe cha kunyamazisha bila hata kutazama skrini, usimlaumu. Alamu zenyewe ndizo zilizomzoesha.

Nafanya kazi na boila za kiwanda cha sukari, na kila ninapopewa kazi ya kusafisha alamu naanzia kwenye kumbukumbu za mfumo. Toa za mwezi mzima, ziingize kwenye Excel, hesabu kila alamu imelia mara ngapi, kisha zipange. Mara nyingi utakuta kumi za juu zimebeba sehemu kubwa ya kelele yote. Malizana na hizo kwanza. Vikao vya kupitia alamu zote vitasubiri.

Nyingi kati ya hizo huwaka na kuzimika. Chukua kina cha maji kwenye dramu ya boila: kinachezacheza palepale kwenye kikomo, basi alamu inalia, inanyamaza, inalia tena. Wengi hukimbilia kusogeza kikomo. Mimi sikubali, maana kiliwekwa kwa sababu. Panua pengo la kuzimikia: alamu ikishawaka, isizimike mpaka kina kirudi ndani ya kikomo kwa asilimia 5 hivi ya upana wa kipimo. Kwa joto, asilimia 1 hutosha kuanzia. Kuchelewesha alamu nako husaidia, ila sekunde 60 zinazofaa tangi kubwa ni nyingi mno kwa dramu. Maji yake huisha upesi. Na mabadiliko yote yapitie kwa mhandisi, asaini.

Kila alamu inayobaki iulize: opereta afanye nini, na ana dakika ngapi? Pampu ya akiba kusimama si alamu. Ndiyo kazi yake. Ibaki kwenye kumbukumbu tu.

Kwenye ngazi za uzito ndipo ugomvi ulipo, kwa kuwa kila idara inataka alamu zake ziwe nyekundu. Hapo huwatajia Milford Haven, Wales, Julai 24, 1994. Katika dakika 11 za mwisho kabla ya kiwanda cha kusafisha mafuta kulipuka, opereta wawili walimiminiwa alamu 275, na asilimia 87 ya alamu za mfumo ule zilipewa uzito wa juu. Ninakolenga ni kama asilimia 5.

Hesabu irudiwe kila mwezi, kwa sababu kila kihisi kipya hufungwa na alamu zake nne ambazo hakuna aliyeziomba.