Kila mtu ana neno juu ya kaye ya baba

Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa hapa Likasi, upande wa Panda. Baba yangu alifanya kazi Shituru tangu ujana wake mpaka 2003, alipotoka na wale walioacha kazi kwa hiari. Alipofariki tulikuta kaye mbili, yaani madaftari: ameandika maisha yake kwa mkono, kwa Kiswahili chetu. Nilizipiga kwenye kompyuta, nikatoa nakala chache, nikawagawia ndugu, majirani na wazee wa kazini. Nilidhani watafurahi.

Sasa kila mtu ana neno. Mzee mmoja aliyefanya naye kazi anasema baba amedanganya: ameandika kwamba aliingia kampuni ya madini ya Gécamines mwaka 1965, na mwaka huo Gécamines haikuwapo. Baba mdogo anataka niondoe ukurasa wa 1992, watu wa Kasai walipofukuzwa, eti utaamsha maneno. Jirani yetu, mama wa Kasai ambaye baadaye alirudi mjini, amesoma ukurasa huohuo akalia. Anasema baba ameyapita mateso yao kwa mistari mitatu, kama mtu anayeruka dimbwi. Mdogo wangu naye analalamika majina ya wakubwa wa kazi yamezidi, hafiki ukurasa wa kumi. Nifuate neno la nani? Nirekebishe, nikate, au nizifungie sandukuni?

Mtoto wa Shituru, Likasi

Dada yangu,

Pole kwa kufiwa na mzee. Sandukuni usizirudishe. Watu wanne wamesoma, na hakuna hata mmoja aliyekurudishia nakala akinyamaza. Waandishi wengi hawapati wasomaji wa namna hiyo. Ila usitafute mshindi kati yao, maana maneno waliyokuletea si ya aina moja.

Tuanze na mzee wa kazini. Kwa tarehe, yeye ndiye mwenye haki. Mwaka 1965 kampuni ilikuwa bado Union Minière du Haut-Katanga. Serikali iliichukua Januari 1967, na jina la Gécamines lilikuja baadaye. Hata mji wetu mwaka huo uliitwa Jadotville, jina la Likasi likawekwa 1966. Lakini hapo baba yako hakudanganya. Mtu aliyekula posho ya kampuni moja miaka 38 huita kazi yake yote kwa jina alilolizoea mwishoni. Basi sentensi yake usiiguse. Chini ya ukurasa, kwa jina lako mwenyewe, eleza kampuni iliitwaje wakati ule. Kisha mshukuru mzee, umpe nakala nyingine na kalamu, asome mpaka mwisho. Kosa alilolikuta linaonyesha anakumbuka, na wanaokumbuka wanapungua.

Njia hii imeshapitwa na wenzetu wa Lubumbashi. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya waliokuwa maboyi katika nyumba za wazungu, aliandika historia ya mji wao kwa Kiswahili cha Katanga, akaiita Vocabulaire de ville de Elisabethville, kwa jina la Lubumbashi la wakati ule. Tarehe zake kadhaa hazilingani na za nyaraka. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990 aliyaacha maneno ya Yav kama yalivyo, akaweka tafsiri na maelezo yake kando. Leo wanahistoria wanaithamini kwa sababu inawaonyesha wakubwa wa ukoloni kama walivyoonekana na mtu aliyewapikia na kuwafulia. Wanaotaka tarehe wanazipata kwingine.

Neno la mdogo wako ni la ladha, na ladha haijadiliwi sana. Mwandishi Valentin Mudimbe, aliyezaliwa mjini mwetu Desemba 1941, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 1994, Les corps glorieux des mots et des êtres. Anayekifungua akitaka hadithi iliyonyooka tangu utoto mpaka uzee atachoka njiani, maana mwandishi anasimama kila mara kuwaza juu ya imani na elimu. Mwingine anakipendea hicho hicho. Majina yanayomchosha mdogo wako yatasomwa kwa hamu na mjukuu wa mmoja wa watu hao, ambaye pengine hatalikuta jina la babu yake mahali pengine popote. Usikate hata moja. Mpe mdogo wako kazi: achague kurasa zinazompendeza, atengeneze toleo fupi la kusomea watoto. Mimi ningeanza na ule uliouambatanisha na barua, wa siku ya posho: mama yako kwenye foleni na mfuko wa unga, mafuta ya mawese yakipimwa, karani akitoboa karata. Ukurasa mmoja tu, na maisha ya kampi yote yamo.

Sasa 1992. Hapa si suala la tarehe wala la ladha. Agosti mwaka huo Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, alichaguliwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond wa Katanga, na chuki iliyokuwa imechochewa dhidi ya watu wa Kasai ikalipuka. Familia zenye asili ya Kasai, nyingi zikiwa na watoto waliozaliwa hapahapa, zilitolewa majumbani. Maelfu walilala kituo cha treni cha Likasi na katika mashule wakingoja mabehewa, na wengi walikufa, hasa watoto. Mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Mambo hayo mji mzima uliyaona. Ukiung'oa ukurasa, utakuwa umemwambia jirani yako kwamba hata ile mistari mitatu ilikuwa mingi.

Lakini pia usiiongeze. Baba aliandika alichoweza kuandika, na ufupi wake ni sehemu ya ushahidi wake. Kila anayesimulia maisha yake husimulia kutoka mahali aliposimama. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Unguja, aliandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili; humo mna safari, vita na pembe za ndovu. Waliotekwa hawakupata kuandika chao. Ndiyo maana msomaji wa Unguja anaweza kukifunga kitabu akimsifu mfanyabiashara hodari, na msomaji wa Kasongo, alikofanyia biashara hiyo, akakifunga na uchungu. Wote wawili wamesoma sawasawa. Kilichokosekana ni kitabu cha pili, na kwako wewe mwenye cha pili anakaa jirani.

Nenda kwake. Mwambie ungependa asimulie miezi ile mwenyewe, akikubali. Mrekodi kwa simu, uandike kwa maneno yake, kisha umsomee. Akitaka kufuta neno, futa. Aamue kama jina lake litatajwa. Simulizi yake iwekwe baada ya ukurasa wa baba, ikiwa na kichwa chake.

Baba mdogo usimwendee mbele ya watu. Umwone peke yake, kwa heshima yake ya ubaba, umuulize anaogopa nini hasa. Kama baba amemtaja mtu aliye hai kuwa alipora au alivunja nyumba, lifiche jina kwa herufi moja, maana kaye si mahakama na huyo mtu hayupo kujitetea. Tukio lenyewe libaki. Na kama baba mdogo naye ana yake ya kusema juu ya siku zile, mpe ukurasa.

Kaye zenyewe zifunge kwa nailoni, mbali na mvua na panya, na nakala moja uipeleke idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Pale Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wamekusanya kwa miaka mingi simulizi za wafanyakazi na familia zao, na kaye ya mtu wa Shituru watajua pa kuiweka.

Anza na jirani, wiki hii. Mzee wa kazini afuate, mdogo wako anaweza kungoja. Baba mdogo akikataa hata baada ya mazungumzo, niandikie tena kabla hujachapa chochote.