Mbona Nyanya Haoni Kuwa Umenuna?

Shule zikifungwa wengi wetu huenda kukaa na nyanya. Kijana ana huzuni yake, uso umemshuka tangu asubuhi, na nyanya anamsimulia habari za ndama kana kwamba hakuna lolote. Basi kijana husema ati nyanya hamjali. Hebu tulichunguze jambo hili kisayansi.

Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Paul Ekman na Wallace Friesen, walitoa picha za nyuso zenye furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao na kinyaa. Picha za aina hiyo zimetumiwa mara nyingi kuwapima vijana na wazee. Kwa wastani wazee hukosea zaidi kwenye hasira, hofu na huzuni. Lakini kinyaa je? Hapo hawashindwi, na mara nyingine huwapiku vijana!

Kosa si la miwani, kwani hata wazee wenye macho mazima hukosea. Shida moja ni mahali wanapotazama. Hasira, hofu na huzuni husomeka sana machoni, na wazee hutazama macho kidogo kuliko vijana, wakaelekea mdomoni. Kinyaa nacho kiko puani na mdomoni. Tena sehemu ya mbele ya ubongo husinyaa kadiri umri unavyosonga. Kwa hivyo mjukuu anayenyamaza akitarajia uso useme kwa niaba yake huenda akangoja sana. Afadhali atamke.

Kuna maelezo mengine. Ndani ya ubongo mna kiungo kidogo chenye umbo la lozi, kiitwacho amigdala, kinachoamshwa na mambo ya kugusa moyo. Mwaka 2004 Mara Mather na wenzake walionyesha kwamba kwa wazee kiliamka zaidi kwa picha za kupendeza kuliko za kuchukiza. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford husema mtu akiona siku zake zimebaki chache huchagua yanayomtuliza moyo. Fikira nzuri, lakini mimi nauliza: ikiwa wazee wanakwepa mabaya, mbona kinyaa hawakikwepi? Hapo naona hoja ya macho na mdomo ina nguvu zaidi.

Tusisahau pia kwamba nyingi za picha hizo ni za watu wageni, zimetulia tuli, hazina sauti wala mwendo. Mzee anayemsikia mtu aliyemlea akiongea ana mengi ya kumsaidia kuliko uso peke yake.