MIPIRA YA FRENI YA KINGA: namna ya kuitafuta na kuichagua

Mkulima, umelima, umepalilia, umevuna, umetwanga mihogo yako. Lakini kazi ya shamba haijakwisha. Inakwisha siku ile unga unapofika sokoni, na franga zinapofika mkononi mwako. Kati ya shamba na soko iko njia, na katika njia ile watu wengi wanategemea kinga.

Fikiri mtu anayeshuka kilima na magunia mawili ya makala nyuma yake. Chini ya kilima iko daraja nyembamba, na mbele yake linakuja gari kubwa lililobeba shaba. Anashika freni. Kama mipira yake ni mizuri, anasimama kando ya njia, gari linapita, naye anaendelea na safari. Kama mipira imekwisha, makala yatamwagika, kinga itavunjika, na pengine mtu mwenyewe hatarudi kwa watoto wake. Basi soma somo hili polepole, na kinga yako iwe karibu nawe.

1. Kazi ya mpira wa freni

Mpira unashika janti, ndiyo duara ya chuma ya gurudumu. Mpira ukisugua janti, mwendo unapungua. Mzigo ukiwa mzito, kinga inataka njia ndefu zaidi ili isimame. Na katika mteremko mkali freni dhaifu haisimamishi hata kidogo: inapiga kelele tu, na kinga inazidi kwenda.

2. Jua freni yako ni ya namna gani

Namna ya kwanza ni freni ya vyuma. Ukishika kishikio, fimbo za chuma zinavuta mipira miwili, nayo inashika janti kwa upande wa ndani, ule unaotazama katikati ya gurudumu. Kinga nyingi za zamani zenye magurudumu makubwa ni za namna hii.

Namna ya pili ni freni ya kamba ya chuma. Hii inabana janti kwa mbavu zake, mpira mmoja kuume na mmoja kushoto.

Namna ya tatu haina mipira. Unasimamisha gurudumu la nyuma kwa kukanyaga kinyumenyume.

Mipira ya namna ya kwanza haifai kwa namna ya pili. Usidanganywe na mtu anayesema yote ni sawasawa.

3. Wakati wa kubadili

Tazama mifereji iliyochongwa katika mpira. Kama imefutika, wakati umefika. Kama mpira umebaki milimita mbili au tatu tu juu ya chuma chake, usingoje tena. Chuma kikigusa janti, kitaikwangua na kuiharibu, na bei ya janti inapita mbali bei ya mipira. Tena bonyeza mpira kwa ukucha. Kama ni mgumu kama jiwe, unang'aa, ao una nyufa, ni mzee, hata kama bado ni mnene. Hautashika vema.

4. Namna ya kuchagua sokoni

Usiende sokoni mikono mitupu. Fungua mpira wa zamani, uende nao. Mbele ya muuzaji weka mpira mpya kando ya ule wa zamani, upime mambo matatu:

Urefu na kimo cha mpira. Ukiwa mpana kuliko mahali pake, utagusa mpira wa nje wa gurudumu na kuupasua.

Unene wa bulo. Bulo iingie katika tundu lake bila kulegea, na nati yake izunguke vizuri kwa vidole.

Chuma kinachoshika mpira. Kisiwe kimepinda, wala mpira usitikisike ndani yake.

Nunua miwili kwa mara moja. Mmoja mpya na mmoja mzee havivuti kwa nguvu moja.

Watu wengine wanakata kipande cha mpira wa gari. Jihadhari. Ndani ya mipira mingi ya gari mna nyuzi za chuma, nazo zinakwangua janti. Tena kipande kisichofungwa imara kinaweza kuruka siku ya hatari.

5. Namna ya kuitia

Kwanza futa janti kwa kitambaa, maji na sabuni. Mafuta yasibaki hata kidogo, kwa maana mafuta ni adui wa freni.

Kama chuma cha mpira kina upande mmoja wazi na mmoja umefungwa, fanya hivi. Inua gurudumu, ulizungushe kama linavyokwenda mbele. Tazama janti inakimbilia wapi hapo penye freni. Upande uliofungwa uelekee huko. Ukikosea, janti itauvuta mpira na kuutoa nje.

Mpira wote uguse janti tu. Usiguse mpira wa nje, wala usitelemke mpaka kwenye nyuzi za gurudumu. Acha nafasi ya milimita mbili ao tatu kati ya mpira na janti. Kaza nati sana. Kisha, kabla ya kupakia kitu, jaribu: sukuma kinga kwa miguu na ushike freni. Gurudumu likisimama, panda polepole mahali pa tambarare, ujaribu tena.

6. Njiani

Mvua ikinyesha, janti yenye maji inateleza. Anza kushika freni mapema na kidogokidogo, mpira ufute maji kwanza. Shika freni mbili pamoja. Usikamate ya mbele peke yake kwa ghafula. Jioni toa kwa ncha ya kisu mchanga na vipande vya chuma vilivyoingia katika mpira. Na mteremko ukiwa mkali na mzigo mzito, shuka, utembee kwa miguu. Kutembea si haya. Unga uliofika kwa kuchelewa unauzwa. Uliomwagika mtoni hauuzwi.

MAULIZO

Freni ya kinga yako ni ya namna gani?
Mipira yake imebaki milimita ngapi?
Kwa nini tunakwenda sokoni na mpira wa zamani?
Upande uliofungwa wa chuma unaelekea wapi?

Ukiisha kujibu, ita jirani yako, mtazame na kinga yake pia. Njia ni moja, na anayeshuka nyuma yako bila freni atakuangukia wewe.